Mleta uzi, usitume hata shilingi kabla hujaipata namba kamili ya chesisi

Simamisha huo muamala kwanza. Umeandika una milioni 15, unataka Vitz ya umbo jipya au Aqua, gari umeiona kwenye ukurasa wa dalali Instagram, imeandikwa 2016, na dalali kakuambia kodi "haizidi milioni 4", utume nusu leo kwa simu ili aifunge isichukuliwe. Mengine uliyouliza yanaweza kusubiri. Kwenye hiyo nusu ndipo watu wanapolizwa, na wanalizwa kwa maneno yale yale uliyoyanukuu.

Kanuni ni moja tu: hakuna namba kamili ya chesisi, hakuna hela. Picha ya gari haitoshi. Picha ya dashibodi haitoshi. Video ya mtu anaizunguka gari bandarini Yokohama haitoshi, maana video hiyo hiyo inazunguka kwenye kurasa kibao.

Gari za soko la ndani la Japani hazina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 kama za Ulaya. Zina herufi na namba za modeli, kistari, halafu tarakimu, na kwa Toyota hizi ni saba. Sehemu ya mwanzo inakupa modeli na injini: KSP130 ni Vitz ya cc 996, NSP130 ni Vitz ya cc 1,329, NHP10 ni Aqua. Zile saba za mwisho ndizo za gari hiyo moja peke yake, na ndizo wanazozifunika kwa nyota kwenye tangazo. Mpe muuza spea mwenye katalogi ya Toyota namba nzima, atakuambia gari ilitoka kiwandani mwezi gani na mwaka gani.

Na hapo kwenye mwaka ndipo hela yako inapokwenda. Ile "2016" ya kwenye tangazo mara nyingi ni mwaka gari iliposajiliwa Japani kwa mara ya kwanza. TRA, yaani mamlaka ya mapato, wanaangalia mwaka wa kutengenezwa. Gari iliyotoka kiwandani Novemba ikasajiliwa Februari inaonekana changa kwa mwaka mzima kwenye tangazo, lakini ikifika Dar ule mwaka inaurudisha.

Fanya hesabu kwa mkono uone. Chukua NSP130, na tuseme TRA wanaithamini dola 3,000 ikiwa imeshafika na bima na meli ndani. Ushuru wa forodha asilimia 25: dola 750. Jumla 3,750. Juu ya hiyo 3,750 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa sababu injini imezidi cc 1,000: dola 187.50. Ikiwa chini ya miaka 8, unaongeza VAT asilimia 18 na kodi yote inakuwa kama dola 1,646. Ikiwa na miaka 8 mpaka 10, kuna ushuru wa uchakavu asilimia 15 ya ile 3,750, na VAT inakuja juu ya huo ushuru pia, kwa hiyo kodi inapanda hadi dola 2,310. Ikipita miaka 10, uchakavu ni asilimia 30, kodi inafika dola 2,974 hivi. Gari ile ile, rangi ile ile, kodi karibu inalingana na thamani yenyewe. Hapo sijagusa tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, wakala na usajili. Hiyo 2,974 peke yake ni takriban nusu ya milioni 15 zako, na gari bado hujailipia.

Kitu cha pili kwenye hesabu hiyo: ile dola 3,000 ni thamani ya TRA, wala haitoki kwenye ankara yako. Wana kumbukumbu zao za bei. Ukinunua kwa bei ya kutupa hawakupunguzii kwa sababu ulibahatika. Kikokotoo kipo kwenye tovuti ya TRA, ni bure, unachagua aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi ilikotoka, mafuta na ukubwa wa injini, kinakupa kodi yote. Viwango vinaweza kubadilika kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo amini kikokotoo cha leo kuliko mfano wangu. Ukijaza 2016 wakati gari ni ya 2015, umejidanganya mwenyewe kwa mkono wako, na ndiyo maana narudi pale pale kwenye chesisi.

Sasa hawa madalali. Mtu anayeuza magari kila siku anajua kikokotoo kipo. Akikuambia "haizidi milioni 4" bila kukuonyesha ukurasa wa TRA, anajua anachofanya. Anajua ukishatuma nusu hutarudi nyuma, na gari ikifika bandarini hutaiacha, utakopa, utauza kiwanja, utachukua ya VICOBA. Wakati unahangaika, tozo ya kuhifadhi gari inahesabiwa kwa siku. Inaniuma kwa sababu wanaowaendea ni watu wanaonunua gari ya kwanza, wenye akiba ya miaka. Miaka ile ya kwenda yadi ulikuwa unaigusa gari, unaiwasha, unainama kuangalia chini. Leo kila mtu anaagiza kwa simu, na kuagiza mwenyewe ni jambo zuri kabisa, linakuokolea faida ya mtu wa kati. Lakini gari usiyoweza kuigusa unaishika kwa karatasi zake.

Karatasi ya kwanza ni ripoti ya mnada, yaani ile ya wakaguzi wa mnada inayoeleza hali ya gari. Gari nyingi zinazokuja huku zimepita mnadani Japani, na kwa namba ya chesisi ripoti yake inatafutika. Daraja 4 au 4.5 ni gari nzuri. Ukiona R au RA, iligongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Namba pembeni ya herufi ni ukubwa wa tatizo, kwa hiyo A1 isikukoseshe usingizi. S kwenye chesisi chini achana nayo, hasa ukikaa huku pwani. Linganisha pia kilomita za ripoti na zile za cheti cha kusafirisha gari nje, maana cheti kinabeba kilomita za ukaguzi wa Japani. Dashibodi ikisoma chache kuliko karatasi, zimerudishwa.

Kwa Aqua, ambayo ni haibridi (petroli na umeme), nitasema moja tu: betri kubwa ya umeme inapoozwa na feni inayovuta hewa kutoka chini ya kiti cha nyuma. Kichujio kikiziba vumbi, betri inachemka na kufa mapema. Fundi akisafishe kabla hujaanza kuitembeza.

Kuhusu malipo: hela iende kwa TT ya benki (uhamisho wa fedha kwenda nje), kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile lile la tovuti. Ankara iwe na namba kamili ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa na bei mpaka Dar es Salaam, isiishie kwenye FOB (bei ya gari mpaka kupakiwa melini tu). Na B/L, ile hati ya meli ya kupokelea mzigo, itoke kwa jina lako. Dalali akiandika jina lake kwenye B/L, kisheria mpokeaji wa mzigo ni yeye, na gari yako itakuwa rehani mpaka umpe anachotaka. Ukipokea barua pepe inayosema kampuni imebadilisha akaunti, usijibu ile barua. Piga namba iliyo kwenye tovuti yao, uongee na mtu.

Kwa hiyo mpigie dalali sasa hivi. Mwambie akutumie picha ya namba iliyogongwa kwenye bodi na ya kile kibati chenye namba ya chesisi, zisomeke zote. Zikija, jaza kikokotoo, weka matokeo hapa tuyaangalie pamoja, lakini tarakimu za mwisho usizianike hadharani. Akikwambia namba utaipata ukishalipa, futa namba yake ya simu.