Nyumba yangu haipendezi, vumbi limenishinda

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, nipo Nzuguni hapa Dodoma, tumehamia huku mwaka jana kutoka Tanga mume wangu kahamishiwa kazi. Anti nyumba imenishinda. Nadeki asubuhi, ikifika saa nne meza ya tivii unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Nikiingia Instagram naona wenzangu sebule nyeupe pee, mimi hapa nina madumu nane ya maji koridoni na viatu vya watoto. Nilinunua pazia jeupe mwezi wa tano, sasa hivi lina rangi ya chai. Siku zinapita nafua, napika, nafagia, sioni kizuri chochote. Mume wangu anasema tushukuru tu tuna pa kulala, ndo ananiudhi zaidi. Nifanyeje?
Mama Wawili, Nzuguni

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hiyo kauli ya shemeji hata mimi ingeniudhi, kushukuru tunashukuru ila kushukuru hakufuti meza.

Sasa sikia, umetoka Tanga kule kuna vuli kuna masika, majani yapo karibu mwaka mzima, huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza kwenye Desemba, Aprili inakata, ikikata ndo basi mpaka Desemba tena, halafu kuanzia mwezi wa saba upepo nao unakuja, mashamba matupu, na huko Nzuguni kila kona watu wanajenga malori ya mchanga hayalali, hilo vumbi lingeenda wapi kama si kwenye meza yako ya tivii? Si uvivu wako.

Mimi nilikuja 2017, lile wimbi la watumishi baada ya serikali kutangaza inahamia Dodoma. Nikaja na sofa rangi ya maziwa, nimemlipa fundi mpaka roho inaniuma. Kufika Septemba pale mume wangu anapoegemeza kichwa pana duara la kahawia, kabisa kama muhuri wa ofisini. Nililia jamani. Nikaitupia kanga kuficha aibu, Jumamosi nikaitoa kufua nikaweka nyingine, ikawa ndo mtindo, na watoto wakaanza kugombania nani achague kanga ya wiki na kusoma jina lake kwa sauti. Wageni wanasifia kanga, sofa hakuna anayeiuliza.

Kufagia nimefundishwa upya huku huku, na jirani yangu bibi mmoja wa Kigogo. Uwanja wake udongo mtupu lakini ukipita saa moja asubuhi unaogopa kukanyaga. Anachukua maji aliyosuuzia vyombo, ananyunyiza kwa mkono, anasubiri udongo uyanywe, halafu anafagia huku anarudi nyuma nyuma, inabaki mistari kama nywele zilizochanwa. Saa mbili kuku wameshapita, mistari hakuna. Nikamuuliza bibi haikuudhi? Akacheka, akasema kwani ugali ukiliwa unaudhi?

Kwa hiyo na wewe fungua madirisha alfajiri, saa tatu upepo haujachangamka yafunge. Meza usiipige fagio wala kitambaa kikavu, hapo unalihamisha tu vumbi, futa na kitambaa kibichi mara moja ukimaliza umemaliza, hata likirudi saa nne mwache mtoto aandike jina lake. (Wangu alijifunza herufi hapo, sitanii.) Madumu ni kazi ya shemeji, ayatoe koridoni ayapange kibarazani nyuma, ayafunike, kama anashukuru ashukuru na mikono.

Halafu tafuta kipande cha mzabibu kwa mtu anayepogoa shamba lake, huku havikosekani, chomeka karibu na mlango wa jikoni, maji ya kuoshea mboga mwagia hapo. Ukianza kutambaa ujengee kichanja cha miti. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwenye Machi na tena Agosti kwenda Septemba, maana yake vumbi likiwa limepamba moto wewe juu ya kichwa una vishada. Wangu ulichukua kama miaka miwili kutoa kivuli cha kueleweka. Hapo chini ndo tunakaa saa kumi na mbili jioni na vigoda, nachambua mlenda, jua linazama jekundu kama kaa la moto kwa ajili ya vumbi hilo hilo ninalolitukana asubuhi, watoto wanatema mbegu za zabibu wanashindana nani kafika mbali, na mimi simu nimeiacha ndani kwenye chaji.

Hilo pazia la rangi ya chai usilitupe. Lishonee mito, na safari hii lichovye kabisa kwenye majani ya chai yaliyochemka na chumvi kidogo, liwe kahawia moja kote.