Mto mmoja wa Bali kwa siku moja

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mahekalu na mandhari ya Bali yanaweza kuonekana kwa siku moja ukiwa na gari na dereva wako?" Swali limenichoma kwa neno dogo tu, hilo "na". Mmeliuliza kana kwamba mahekalu yako kwake na mandhari kwake. Majaruba yale ya mpunga, ya ngazi, ambayo kila mtu anayapiga picha yamesimama mpaka leo kwa sababu ya mahekalu, na mengi ya mahekalu hayo yalijengwa kwa sababu ya maji. Kwa hiyo nitajibu gari lielekezwe wapi, kisha msomaji aamue mwenyewe kama siku inatosha.

Orodha ambayo wageni wengi humpa dereva ni hii: lango la hekalu la Lempuyang asubuhi, hekalu la chemchemi la Tirta Empul mchana, majaruba ya ngazi ya Tegallalang alasiri, hekalu la Tanah Lot jua likizama. Kwenye ramani yote yanaonekana karibu. Barabara za Bali lakini ni nyembamba, pikipiki zimejaa pande zote, na kilomita 30 kwa saa ni mwendo wa kushukuru. Lempuyang iko mashariki kabisa, Tanah Lot pwani ya kusini magharibi. Kutoka mji wa Ubud hadi Lempuyang ni zaidi ya saa mbili, na ukifika kuna foleni ya picha inayoweza kula saa nyingine mbili. Lile ziwa linaloakisi lango kwenye picha halipo. Mpiga picha anaweka kipande cha kioo chini ya lenzi ya simu. Tanah Lot nako mgeni haingii hekaluni. Maji yakipwa atafika chini ya mwamba, yakijaa atatazama kutoka ng'ambo. Mtu wa pwani yetu angeuliza kwanza kama ni bamvua, siku za maji makubwa, lakini wageni wengi hawaulizi.

Turudi kwenye maji. Kilichotokea miaka ya 1970 ndicho kinachoeleza mahekalu haya ni ya nini, na sidhani mtu ataelewa anachokitazama bila kukijua. Wakulima wa Bali wamejigawa katika vikundi vinavyoitwa subak. Kila subak ni watu wanaotumia banio moja la maji, nao wana hekalu lao. Mahekalu ya chini yanaungana na ya juu kufuata mto, mpaka Pura Ulun Danu Batur, hekalu la mungu wa kike wa ziwa, Dewi Danu. Huko hekaluni ndiko zamu za maji na tarehe za kupanda zilikokuwa zikipangwa. Serikali ya Indonesia ilitaka mpunga mwingi haraka. Wakulima wakaletewa mbegu za muda mfupi, mbolea na dawa, wakahimizwa walime mfululizo bila kungoja kalenda ya hekalu. Mwanzoni mavuno yalipanda. Kisha wakaja wadudu wa kahawia wanaofyonza mashina ya mpunga, wakaja panya, na maji yakawa ya kugombaniwa.

Sababu yake ni rahisi ukielezwa. Jaruba likivunwa na kujazwa maji, mdudu hana cha kula. Likiwa jaruba moja tu, anahamia kwa jirani. Likipumzika bonde zima kwa wakati mmoja, hana pa kwenda. Ila wote wakipanda siku moja, wote wanataka maji siku moja, na wa chini wanakauka. Hapo ndipo wa juu na wa chini wanapohitajiana: wa juu ana maji, wa chini ana uwezo wa kumletea wadudu. Wa juu akimnyima mwenzake maji, mwenzake atapanda kwa kuchelewa, na wadudu waliolelewa kule chini watampandia yeye. Kwa hiyo anamwachia maji ili wapande pamoja. Mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer walitengeneza modeli ya kompyuta ya subak 172 katika mito ya Oos na Petanu, wakajaribu kila namna: kila subak ipange peke yake, wote wapange pamoja, na ngazi zote za katikati. Mavuno bora yalipatikana kwenye mpangilio unaokaribia ule wa mahekalu. Anayeijua mifongo ya Wachaga, mifereji yao ya kumwagilia mashamba, hatashangaa kwamba zamu ya maji inahitaji watu wanaoheshimiana kuliko inavyohitaji saruji.

Mwaka 2012 UNESCO iliandikisha mandhari haya ya subak katika Urithi wa Dunia, hekta 19,500 hivi: hekalu la Batur na ziwa lake, bonde la mto Pakerisan, eneo la Batukaru lenye Jatiluwih, na hekalu la Taman Ayun. Tegallalang, ambako magari yote huenda, haimo.

Basi chukua Pakerisan peke yake. Lala Ubud, uondoke saa 12 asubuhi. Panda kwanza hadi Kintamani, kwenye ukingo wa kreta ya volkano ya Batur, safari ya saa moja na zaidi kidogo. Huko ni kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, kuna baridi, na ukungu hufunika ziwa kadiri mchana unavyosogea, hasa kati ya Novemba na Machi. Hekalu la Ulun Danu Batur zamani lilikuwa chini, karibu na ziwa. Mlipuko wa 1926 uliliharibu pamoja na kijiji, watu wakalihamishia juu. Ziwa halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake yanapenya chini, na Wabali wanaamini chemchemi za mabonde ni mkono wa Dewi Danu.

Kisha teremka Tampaksiring, uione chemchemi inayolisha mto Pakerisan. Tirta Empul ilianzishwa mwaka 962. Katika ua wa ndani maji yanabubujika kwenye mchanga mweusi, halafu yanatoka kwa milizamu ya mawe kwenye madimbwi ya kutakasika. Sarongi na mshipi wa kiunoni ni lazima, na ya kuingilia majini ni nyingine, inakodishwa hapo hapo. Unaanza kushoto, mlizamu mmoja baada ya mwingine, ukiruka miwili ya ibada za wafu. Mwanamke aliye hedhini na mtu mwenye kidonda wanaombwa wasiingie. Kama kuoga ndiyo shabaha yako, geuza mpango: fika hapa lango linapofunguliwa, ukubali Batur ya ukungu. Kuoga mapema na kuliona ziwa bila ukungu, vyote viwili ni nadra kuvipata siku moja.

Gunung Kawi iko karibu tu, mtoni. Ni ngazi kama 300 kushuka, na hizo hizo kupanda, kwa hiyo beba maji. Njiani unapita kando ya majaruba, na chini kuna mahekalu 10 yaliyochongwa kwenye mwamba karne ya 11, kila moja kimo cha mita 7 hivi. Ukitembea kwenye kingo za majaruba, kanyaga katikati, maana ukingo ukibomoka jaruba la juu linamwaga maji yake. Vile visahani vya majani ya mnazi vyenye maua ni sadaka; usivikanyage, usiviruke.

Kuhusu gari: muda wa kukodi, mara nyingi saa 10 kwa siku, huhesabiwa tangu unapochukuliwa. Uliza kama petroli na maegesho vimo, na saa ya ziada ni bei gani. Andika majina ya vituo kwenye ujumbe, na useme wazi kwamba hutaki kahawa ya luwak (ya buni zilizopita tumboni mwa ngawa), duka la vito vya fedha wala bufee ya Kintamani, kwa kuwa dereva hupata kamisheni huko na kila kimoja kinakula dakika 45. Dereva si mwongozaji. Ukitaka maelezo hekaluni, mlipe mwongozaji mwenye kibali. Kodi ya mgeni, rupia 150,000 tangu Februari 2024, ilipe kabla ya safari. Na angalia kalenda: siku ya Nyepi, siku ya kimya ya Wahindu wa Bali, hata uwanja wa ndege unafungwa, na Galungan, sikukuu inayokuja kila siku 210, mahekalu yanajaa waumini.

Nilipoanza kuandika nilikuwa tayari kusema siku moja haitoshi. Sasa nasema inatosha, kwa anayelala Ubud, asiye na mtoto mdogo wala goti bovu, na aliye tayari kurudi bila picha ya Lempuyang. Anayelala Kuta, kule pwani ya kusini, au aliyeteremka melini katika bandari ya Benoa na lazima arudi jioni, asijaribu hata huo mto mmoja. Huyo aende Mengwi, Taman Ayun, atembee polepole kuuzunguka mfereji mpana unaolizingira hekalu. Maji yale yalikuwa yakienda mashambani.