Mwambie Daktari na Zile Siku Ulizokuwa Juu

Miaka mitatu nilitibiwa sonona, kumbe ugonjwa wangu ni baipola, ule wa hisia kushuka sana na kupanda sana. Kila nilipoulizwa hali yangu kliniki, nilieleza habari za kitandani: kuamka saa nane mchana, kushindwa hata kuoga, chakula kugeuka mchanga mdomoni. Habari za mwezi wa sita sikumwambia daktari yeyote.

Mwezi huo nilikuwa nalala masaa matatu na kuamka mwepesi, sina uchovu wowote. Nilikopa kwenye kikoba nikanunua cherehani tatu kwa siku moja, na fundi nilikuwa naye mmoja tu. Niliongea bila kituo. Nilipigia watu simu usiku wa manane kuwaeleza mipango ya kiwanda. Majirani walisema Mungu amenikumbuka, nami niliamini. Nani anakwenda hospitali kushtaki kwamba ana furaha?

Kosa langu lilikuwa hapo. Mwenye sonona na mwenye baipola wakiwa chini, ukiwaweka kwenye benchi moja hutajua yupi ni yupi. Machozi ni yaleyale, na kukata tamaa ni kulekule. Kinachowatenganisha ni walikopita. Wa sonona hushuka, akapata nafuu, pengine akashuka tena. Wa baipola kuna wakati alipanda, na kule juu si lazima kuwe na furaha. Wengine huwa wakali, hawaambiliki. Wataalamu hutafuta dalili za sonona zilizodumu angalau wiki 2. Kupanda kukubwa, yaani mania, huhesabiwa kuanzia wiki 1, na kupanda kwa kiasi kuanzia siku 4. Kwa hiyo kucheka asubuhi na kununa jioni si baipola, na inaniuma sana watu wanapolitumia jina hilo kumsema mtu mwenye hasira.

Wengi wetu ugonjwa huanza kwa kushuka, ndiyo maana ni rahisi kuambiwa ni sonona peke yake. Na jina likikosewa, dawa nayo hukosewa. Dawa za sonona, akipewa mwenye baipola bila dawa ya kutuliza mawimbi hayo ya kupanda na kushuka, zinaweza kumrusha juu. Mimi niliongezewa dozi, na haikupita wiki mbili nikaanza kugawa vitambaa vya wateja barabarani.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu. Aliingia nami kwa daktari akasema yote: cherehani, deni la kikoba, simu za usiku. Akataja na shangazi yetu, ambaye nyumbani tulizoea kusema anapandisha mashetani, kwamba naye alikuwa na majira ya kutolala na majira ya kujifungia ndani. Daktari aliweka kalamu chini akamsikiliza. Ugonjwa huu hufuata ukoo, na sisi hatukuwahi kuulizana.

Basi ukienda, nenda na mtu anayeishi nawe. Yeye ameona usiyoyaona. Ukiulizwa usingizi, usiseme tu "silali". Sema kama unautafuta usingizi ukaukosa na kukesha umechoka, au kama hukuuhitaji kabisa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na daktari hupata mengi hapo. Dawa ulizonazo usiziache ghafla kwa kusoma maneno yangu, rudi ukaulize. Na kama mawazo ya kujiua yamekujia, usingoje siku ya kliniki, mwambie mtu leo akupeleke hospitali.

Mimi sasa natumia lithiamu, dawa ya kutuliza mawimbi. Napimwa damu, kwa kuwa dozi inayotibu na dozi inayodhuru haziko mbali. Nikiharisha au nikitoka jasho jingi nahakikisha nakunywa maji ya kutosha, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, siimezi bila kuuliza. Dada yangu, wewe ukiandikiwa valproeti, dawa nyingine ya kutuliza mawimbi, na bado una umri wa kuzaa, zungumza na daktari kuhusu mimba kabla ya kuanza, maana inaweza kumdhuru mtoto vibaya.

Deni la kikoba nimelimaliza mwaka huu. Cherehani mbili niliziuza. Kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, naandika kila asubuhi masaa niliyolala. Mdogo wangu analisoma. Akikuta usiku mbili mfululizo chini ya masaa manne, anachukua simu yangu yenye pesa, halafu anapiga kliniki. Tulikubaliana hivyo nikiwa mzima, na sahihi yangu ipo hapohapo chini ya ukurasa.