Kongamano la kwanza la watunza miti: nenda na mti wako mmoja mfukoni

Kongamano langu la kwanza la watunza miti liliniachia kofia tatu za bure, mfuko wa vipeperushi na kiuno kinachouma. Mtu niliyezoea kushinda nikining'inia kwenye kamba, nilikaa kitini siku mbili nikasikiliza mihadhara tisa. Jumatatu iliyofuata nilipanda mti na kukata tawi vilevile nilivyolikata wiki ya nyuma. Kwa hiyo wewe unayejiandikisha kwa mara ya kwanza, nisikilize kidogo kabla hujaanza kuchorachora ratiba.

Nenda na swali moja. Usibebe swali pana kama "nikuzeje biashara", maana hilo kila mwenye kibanda cha mauzo analo jibu lake tayari. Beba mti. Mti ambao wewe mwenyewe uliufanyia kazi na ukakushinda kuuelewa. Upige picha tatu: moja ya mti mzima kutoka mbali, moja ya kasoro yenyewe kwa karibu, na moja ya shina pale linapozama ardhini. Hiyo ya mwisho wageni wengi huisahau, na ndiyo mabingwa huiomba kwanza. Shina likiingia ardhini wima kama nguzo ya umeme, bila kutanuka kuelekea mizizi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mti ulipandwa kina mno au umefukiwa kwa udongo na matandazo, na mengi unayoyaona huko juu yanaanzia hapo.

Mwaka wa pili nilikwenda na mti wangu. Nilikuwa nimeupogoa vizuri, hivyo nilivyodhani: kila tawi kubwa nimelikata likalingana na shina kabisa, laini kama meza, na kila jeraha nikalipaka rangi nyeusi ya kuziba. Miaka minne baadaye vidole vilikuwa vinazama kwenye majeraha yale.

Jibu sikulipata ukumbini. Nilikuwa nimetoka kunyoosha miguu nikamkuta mzee mmoja uwanjani, kwenye maonyesho ya vitendo, ameegemea gogo alilolipasua kwa urefu wake na kulipiga randa mpaka likang'aa. Nikamwonyesha picha zangu. Hakuzungumza. Alinishika kidole akakipitisha kwenye gogo, kuanzia kwenye kidonda cha zamani, akateremka nacho kufuata michirizi ya kahawia hadi karibu na mwisho wa gogo. Kisha akakirudisha juu na kukivusha kuelekea gome, kikakutana na mstari mwembamba mweusi. Nje ya mstari ule mbao zilikuwa nyeupe, safi, kama hazijawahi kusikia habari ya kidonda. "Kijana," akasema, "mti hauponi. Unajenga kuta."

Alikuwa anaeleza kazi ya Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa injini ili aone ndani kuna nini, na mwaka 1977 akachapisha maelezo ya zile kuta ambayo leo watu wa fani huyaita kwa ufupi CODIT, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuuzungushia uozo kuta ndani ya mti. Ngozi ya mtu ikikatwa hutengeneza nyama mpya mahali pale pale. Mti hauwezi. Huzungushia sehemu iliyoharibika kuta nne na kuendelea kukua kwa nje. Ukuta wa kuzuia uozo usipande wala kushuka ndio dhaifu kuliko zote, ndiyo maana kidole changu kilisafiri mbali vile. Ule unaojengwa baada ya jeraha, unaotenga mbao za zamani na mpya, ndio imara kuliko zote. Huo ndio ule mstari mweusi. Na ule uvimbe kama pete pale tawi linapotoka kwenye shina una kinga yake yenyewe. Mimi nilikuwa naukata kila siku nikijisifu kwa usafi wa kazi. Rangi nayo haizuii uozo. Inampendeza mteja tu.

Dakika kumi na tano zile zilinifaa kuliko mihadhara yote tisa ya mwaka uliotangulia. Nazo nilizipata kwa sababu nilikuwa na picha mkononi. Mabingwa hawa huulizwa maswali ya juujuu kutwa nzima, wakiona mti halisi huchangamka. Usianze kwa kugawa kadi ya biashara, anza kwa kusema, "Nina mti umenishinda." Kuuliza si ujinga, na katika fani hii anayedai hajashindwa na mti hata siku moja kaa naye mbali, hasa akiwa ameshika msumeno.

Mihadhara usiidharau, ila chagua. Mhadhara wa udongo na mizizi huwa na viti vitupu, nenda huo. Wa kupanga bei nao usikose hata kama wewe ni mkwezi tu, kwa sababu siku utakapotoa makadirio yako mwenyewe utagundua kwamba saa ya kazi inabeba pia bima, safari, kunoa minyororo na mashine ya kusaga matawi inayokaa bure siku za mvua. Wengi tulianza kwa kuangalia jirani anatoza kiasi gani. Yeye naye alikuwa anatuangalia sisi.

Kama una cheti, au unakitafuta, angalia mapema ni vipindi vipi vinahesabiwa. Cheti cha msingi cha ISA, chama cha kimataifa cha fani yetu kilichoanza mwaka 1924, hudumu miaka 3, na kukihuisha bila kurudia mtihani kunataka alama 30 za mafunzo endelevu. Alama haziji zenyewe kwa kuwa ulikuwepo. Lazima mahudhurio yako yaandikwe. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima kwa kutoka mlangoni nikipiga soga.

Sasa vibandani. Hapa ndipo fedha hupotea. Mwaka ule wa kwanza nilinunua kifaa cha kupandia kamba kwa sababu kijana wa kibandani alipaa nacho kama buibui. Nilipofika kazini nikakuta kinataka kamba isiyozidi milimita 12. Zangu zote zilikuwa za 13. Basi, kabla ya kwenda, andika unene wa kamba zako na jina la kila kifaa ulicho nacho. Mkanda wa kukwelea usiujaribu umesimama; omba uning'inie nao dakika kumi, uone mapaja yanasemaje. Kwa mashine, uliza vipuri vinatoka wapi na nani ataitengeneza ikizimika katikati ya kazi. Wala usitie sahihi hapohapo. Punguzo linaloisha jioni ile huwa linarudi asubuhi yake.

Kukiwa na mashindano ya kukwea, acha kila kitu ukatazame, na kama wewe ni bosi waje wakwezi wako pia, si wewe peke yako na karani. Mashindano ya kimataifa yalianza mwaka 1976 huko St. Louis, Marekani. Kuna mbio na kuna kugonga kengele kwenye ncha za matawi, vyote vinapendeza macho, lakini wewe kaa kwenye uokoaji. Sanamu yenye uzito wa mtu inaning'inia juu, mshindani anapewa hadithi ya ajali, saa inaanza. Tazama anachokifanya kabla hajagusa kamba: anaita msaada, anauzunguka mti, anatafuta waya za umeme na tawi lililovunjika. Nilitazama mara ya kwanza na wenzangu wawili wa kazini. Tuliporudi kwenye gari hakuna aliyewasha injini. Mmoja akauliza, "Mimi nikikwama juu, ninyi mtanishushaje?" Hatukuwa na jibu, na tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka sita. Wiki ile tulinunua seti ya pili ya kamba na mkanda, ya kukaa chini ya mti tu.

Ukirudi, usibadilishe mambo kumi kwa mpigo. Mimi nilibadilisha mkato, na nikaacha rangi. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa makamo, alisimama chini ya mti akaniuliza mbona leo sipaki. Nikamwonyesha picha ya lile gogo kwenye simu, nikamweleza kuhusu zile kuta. Aliitazama sana. Kisha akaniongoza nyuma ya nyumba, kwenye mti niliomkatia miaka mitatu nyuma, rangi yangu nyeusi bado inaonekana, akaniambia, "Haya, na huu je?"