Kusudi lako usilitafute kichwani, liangalie kwenye masaa yako

Habari zenu ndugu zangu. Leo naongea na wewe ambaye kila ukilala unajiuliza hivi mimi nipo duniani kufanya nini hasa, maana ukifungua simu unakuta mwenzako kaacha kazi kaanzisha jambo lake anasema ameliona kusudi lake, na wewe upo palepale, unaamka, unaenda kazini, unarudi, siku imeisha. Hilo swali nimeishi nalo miaka mingi. Sio mtaalamu mimi, nakupa tu kile kilichonisaidia.

Ninachoamini ni kwamba kusudi halionekani kwa kukaa unawaza. Ukijilaza ukajiuliza napenda nini kwenye maisha, akili itakuletea vitu unavyovitamani, na vingi umeviona kwa watu juzijuzi tu, kesho ukiona vingine majibu yanabadilika. Swali lililonisaidia lilikuwa la chini zaidi: masaa yangu yanaenda wapi, na katika hayo ni yapi ningeyarudia hata kama hakuna anayeniona wala anayenilipa.

Kwahiyo nilichukua daftari. Jumapili jioni simu naiacha chumba kingine, naandika wiki ilivyoenda, na naandika yaliyotokea tu, malengo sigusi. Nani nilikuwa naye, nilifanya nini, nini kilinichosha, nini kilinifanya nisahau muda. Kazi yangu ni uhasibu. Ilipopita miezi nikarudi kusoma nyuma, ndo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, mambo ya ofisini mstari mmoja au miwili basi, sherehe na vitu nilivyonunua vingine hata sikuviandika, alafu siku niliyokaa na mdogo wangu nikamwelekeza hesabu za sehemu mpaka akazielewa nimejaza ukurasa mzima, nimeandika mpaka maneno aliyosema pale alipopata jibu mwenyewe. Siku niliyomfundisha mfanyakazi mgeni kufunga mahesabu ya mwezi, hivyohivyo, ukurasa mzima. Sikuwahi kujiita mwalimu hata siku moja, lakini mkono wangu ulikuwa unajua.

Sasa naomba hapa nieleweke, kazi sijaacha. Bado ni mhasibu na naishukuru kazi yangu, inanilisha mimi na wanaonitegemea. Kilichobadilika ni kwamba jioni zangu baadhi nimezitoa kwa vijana wanaohangaika na hesabu, na ofisini akija mgeni naomba mwenyewe nipewe nimwelekeze. Uchovu upo ila sio ule wa zamani. Watu wengi wanaogopa kujitafakari kwa sababu wanadhani jibu litawalazimisha kubomoa kila kitu, na mara nyingi jibu linakutaka usogeze masaa machache tu.

Kuhusu kuandika kuna wanaosema ni mambo ya watoto wa shule. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker pamoja na Sandra Beall walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo kuhusu mambo mazito yaliyowahi kuwaumiza, na wale walioandika tukio pamoja na walivyojisikia, miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika vitu vya kawaida tu. Ila kuna sehemu ya huo utafiti ambayo watu hawaisemi, mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Nakwambia hilo kwa sababu utakutana nalo, utaandika kuhusu urafiki uliokufa au mzazi ambaye hamuongei na utafunga daftari ukiwa mzito kabisa. Usiogope na usiache, huo uzito ulikuwepo hata kabla hujaandika.

Kuna mtu mwingine ambaye mawazo yake yalinigeuza kabisa, daktari wa akili wa Vienna, Austria, anaitwa Viktor Frankl, aliyezaliwa 1905. Mwaka 1942 Wanazi wa Ujerumani walimpeleka kwenye kambi ya mateso pamoja na familia yake, alipofika 1945 anatoka huru, baba, mama, kaka na mke wake wote walikuwa wamekufa. Mtu huyo ndo aliendelea kufundisha kwamba maisha yana maana, na alikuwa anasema mtu asikae anayauliza maisha yana maana gani, aelewe kwamba yeye ndiye anayeulizwa, na anajibu kwa anavyoishi. Hiyo maana alisema inapatikana kwenye kazi unayoifanya au kitu unachokileta duniani, kwenye kupenda na kupokea yaliyo mema, na kwenye namna unavyobeba mateso ambayo huwezi kuyaondoa. Hiyo ya mwisho naipenda sana kwa sababu inamuingiza kila mtu. Anayemuuguza mama yake mwaka wa ngapi huu, ambaye hana muda wa kuanzisha chochote, naye anaishi kwa kusudi tena pengine kuliko sisi wengine wote.

Na ukitazama watu waliofanya makubwa, wengi walianzia kwenye shida iliyokuwa mbele ya macho yao. Wangari Maathai alikuwa msomi wa mambo ya mifugo, alipata udaktari wa falsafa 1971, angeweza kuishia kufundisha chuoni tu. Akawasikiliza wanawake wa vijijini wakilalamika kuni ziko mbali, vijito vinakauka, chakula hakitoshi, akasema basi tupande miti. Hiyo ilikuwa 1977. Nobeli ya amani ilikuja 2004, miti ikiwa imeshafika milioni 30. Yaani alisikia, akaanza na kilichokuwa kinawezekana, akaendelea miaka 27 kabla dunia haijampigia makofi. Kwahiyo na wewe jiulize watu waliokuzunguka wanalalamikia nini kila siku na wewe una uwezo nacho hata kidogo.

Kuhusu kukua kama mtu nina maoni yangu na najua wengine hawatakubali. Watu wanapima kukua kwa kuongeza, kozi mpya, cheo, vitabu vingapi mwaka huu. Mimi napima kwa kuangalia jambo lilelile limerudi, nimelipokeaje safari hii. Mfano bosi amekukosoa mbele ya watu. Mwaka jana ulinuna wiki nzima, mwaka huu kesho yake umemfuata ukamuuliza kwa utulivu, hapo umekua, hata kama hakuna cheti. Au ndugu amekuomba kitu ambacho huna na umeweza kusema sina bila kudanganya na bila kumtukana. Vitu kama hivi hutaviona bila kuandika maana akili inasahau ulivyokuwa, inadhani ulizaliwa hivyo.

Alafu achaneni na hii habari kwamba tabia mpya inajengeka kwa siku 21. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa Marekani Maxwell Maltz aliandika kwamba wagonjwa aliowabadilisha sura walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea, watu wakalikata lile neno angalau na wakalipeleka kwenye kila tabia duniani. Phillippa Lally na wenzake pale University College London (UCL), chuo kikuu cha Uingereza, waliwafuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, matokeo yakachapishwa mtandaoni 2009, wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia 18 hadi 254. Na waligundua kuruka siku moja hakukuharibu. Hii kwangu ilikuwa faraja kubwa mno, kwa sababu wengi wanaanza, wanakosa jumapili moja, wanasema mimi sio mtu wa mambo haya, wanatupa daftari.

Kuna jambo moja silipiti. Kama wiki 2 au zaidi mfululizo unaona kila kitu hakina ladha, usingizi umepotea, hata watu unaowapenda huwataki, usikae hapo ukidhani umekosa kusudi. Inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na unatibika, nenda kwa daktari au mshauri, na kama unawaza kujidhuru mwambie mtu leo hii usisubiri jumapili wala daftari. Kujitafakari ni kwa mtu mwenye nguvu kidogo za kutafakari, kama huna tibu kwanza.

Kwa mwenye watoto wadogo atakayeniambia hiyo jumapili jioni anaitoa wapi, dakika 10 zinatosha, hata ukiwa umekaa unasubiri walale. Anza na wiki hii iliyoisha, andika mambo yaliyotokea, majina ya watu, na pale muda ulipokupotea bila kujijua. Usijilazimishe kuandika vizuri. Ila jizuie kurudi kusoma nyuma mpaka ipite kama miezi miwili, kwa sababu ukisoma mapema utaanza kuandika kile unachotaka kukiona, na hapo daftari halitakwambia kitu.