Jibu: Nyota za Noeli za unga zinapasuka

Mama, unauliza kwa nini nyota za mapambo ulizofinyanga na mtoto wa miaka 4 zilipasuka juu ya mbabula (jiko la makaa). Moto ulikuwa mkali: juu zilikauka, ndani bado mbichi. Kanda vikombe 2 vya unga wa ngano na 1 cha chumvi laini, ukitia maji kidogo kidogo, yasipite kikombe 1. Sukuma unene wa nusu sentimita. Mtoto agandamize jani la avoka, mishipa ikitazama chini, kisha toboa tundu kwa mrija. Anika penye upepo siku 3 au 4, ukigeuza. Kwa unyevu wa Bukavu mwezi wa Desemba zitalainika tena, maana chumvi hunyonya maji. Kwa hiyo zikikauka kabisa paka vanishi, mwenyewe, si mtoto.