Yungiyungi la siku: usilizike shingo

Nilikaa mwaka mzima na majani matupu. Nilikuwa nimenunua vichaka viwili vya yungiyungi la siku (daylily) kwenye kitalu cha kando ya Barabara ya Ngong, nikavipanda nyumbani Utawala, Nairobi, nikamwagilia kila jioni. Majani yalikuja machache, membamba, ya manjano kwenye ncha. Ua hata moja sikuliona.

Wenye udongo mwekundu wa Kikuyu na Kiambu huenda wasinielewe. Udongo wetu huku ni ule mweusi: mvua ikinyesha unageuka ulojo, jua likiwaka unapasuka nyufa za kupitisha mkono. Mwezi wa Julai nilishika jembe uma nikang'oa kichaka kimoja. Mizizi ya mmea huu ni minene, ina vinundu mfano wa viazi vitamu vichanga. Mingi ilibonyea vidoleni ikatoa maji yanayonuka. Nilipopangusa shingo, pale majani yanapokutana na mizizi, nikaona imezikwa karibu kiganja kizima. Maua yangetoka wapi?

Nilikata mizizi iliyooza, nikapunguza majani yabaki sentimita 15 hivi, nikakiacha kichaka kivulini siku mbili vidonda vikauke. Kisha nikainua tuta, udongo wetu nikauchanganya na mwekundu wa kununua pamoja na samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa. Ndani ya shimo fanya kichuguu kidogo, ukalishe mmea juu yake, mizizi uitandaze pande zote, halafu fukia. Shingo isipite sentimita 2 au 3 chini ya udongo. Kati ya kichaka na kichaka acha sentimita 45, ikiwezekana 60.

Bua la kwanza lilitokeza Novemba, mvua za vuli zilipokolea. Ua lilifunguka asubuhi, jioni likanywea, nami nikaanza kuhangaika upya. Shosho wa ploti ya pili akanisemesha kutoka upande wa pili wa uzio: "Mwanangu, hilo limemaliza kazi yake. Hesabu matumba." Nikahesabu 11. Kila ua huishi siku moja tu, na ndiyo maana jina lake la kisayansi, Hemerocallis, limetokana na maneno ya Kigiriki ya siku na uzuri. Lililonyauka livunje kwa vidole, maana likifunga mbegu litanyonya nguvu za mmea. Bua likiisha matumba, likate chini.

Jua ni saa 6 kwa siku au zaidi. Ukutani penye kivuli utapata majani tu. Maji mwagilia mara chache lakini mengi, chini kwenye udongo. Kitaluni ulizia aina isiyopukutisha majani, kwa sababu baadhi ya zile zinazopukutisha huhitaji baridi kali ambayo hata Julai ya Nairobi haina.

Kama unafuga paka, tafadhali usipande kabisa. Kiukoo hili si yungiyungi halisi, lakini linaua figo za paka vilevile.

Kila baada ya miaka 3 hadi 5 kichaka hujazana na maua hupungua. Hapo king'oe mwanzoni mwa mvua, ukitenganishe kwa mikono, kila kipande kibaki na majani na mizizi yake. Changu kimeshafika hapo. Mvua za masika zikianza nitakigawa, na kipande cha kwanza nimeshamwahidi shosho.